Safari ya siku sita kuangalia ndege: anza na maji, orodha ifuate

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimepata likizo ya siku sita na nataka kuitumia yote kuangalia ndege. Mwezi bado naweza kuuchagua. Kwenye ramani nimetia alama sehemu saba za mkoa wetu: mlango wa mto unaoingia baharini, ziwa la chumvi, kinamasi cha matete ndani ya hifadhi, mashamba makubwa ya mpunga, mabwawa mawili ya majitaka, na msitu wa kando ya mto. Nimenakili orodha ya aina 140 za ndege wanaosemekana kupatikana huko. Nina darubini ya zamani, na mwanangu wa miaka tisa anataka kunifuata. Mwaka jana nilikwenda kwenye hifadhi moja iliyoko pwani, nikakaa saa tatu, nikaona ndege wachache tu, tena mbali kama vumbi. Nilirudi nimevunjika moyo. Nipange vipi safari hii?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa ni hizo saa tatu za mwaka jana. Macho yako hayana kasoro. Inaelekea ulifika wakati maji yamekwenda zake na ndege wameyafuata. Watu wengi hupanga safari ya ardhioevu kwa kuuliza kwanza kuna ndege gani, halafu geti linafunguliwa saa ngapi, basi wanaondoka. Lakini bwawa lililokuwa na kina cha goti mwezi uliopita leo linaweza kuwa tope lililopasuka, na ufuo uliojaa ndege alfajiri unaweza kuwa mtupu ikifika adhuhuri. Kwa hiyo nakuomba orodha yako ya ndege 140 uiweke kando kidogo. Swali la kwanza liwe hili: siku nitakayofika, maji yatakuwa wapi, na yatakuwa na kina gani?

Nikuonyeshe ninachomaanisha. Chukua dimbwi moja, lisilozidi uwanja wa mpira, lenye ukingo wa tope upande mmoja na matete upande wa pili. Kwenye tope lenye unyevu tu utamwona kitwitwi. Huyu huwinda kwa macho: anakimbia hatua tano au sita, anasimama ghafla, anainama, anadonoa, anakimbia tena. Hatua chache mbele, maji yanapofunika kucha tu, wapo wenye midomo mirefu zaidi ambao hawahitaji kuona chochote; ncha ya mdomo ina hisia kama ya kidole, nao wanachoma tope haraka haraka kama cherehani. Sululu anatumbukiza mdomo wake uliopinda mpaka karibu na macho, anatulia kidogo, kisha anauchomoa na kaa. Maji yakifika kwenye kifundo cha mguu anaingia yangeyange mdogo. Mtazame miguu: anatikisa wayo mmoja ndani ya maji ili samaki wadogo washtuke na kujitokeza. Mbele yake bata wanainamisha vichwa chini na kuinua mikia juu, maana shingo zao ndizo zinazoamua wafikie kina gani. Kwenye maji ya kina kabisa wamebaki mnandi na kibisi, wanaozama na kuibuka pengine. Na juu ya majani ya yungiyungi, sile-maua anatembea kwa vidole vyake virefu kana kwamba pana sakafu.

Sasa ongeza kwenye dimbwi hilo maji ya kipimo cha kiganja kimoja. Wa tope wote wameondoka, kwa kuwa tope halipo tena. Dimbwi ni lile lile, mvua ni moja tu iliyonyesha, na nusu ya ndege wako wamehama. Toa maji yote, na bata nao wameondoka. Ukilishika hilo, utaanza kuisoma ramani yako kwa jicho jingine.

Kalenda ya mvua peke yake haitoshi. Maji ya delta ya Okavango nchini Botswana hutoka nyanda za juu za Angola na kusafiri kwa miezi, yakaijaza delta kati ya Juni na Agosti, wakati huko kwenyewe ni kiangazi na mvua haipo. Keoladeo, kule Rajasthan nchini India, palikuwa mahali pa watawala kuwindia bata. Maji yake huingizwa kwa mifereji na milango inayofunguliwa na watu, na mwaka yasipoingia ya kutosha ndege hupungua sana. Ziwa Nakuru nchini Kenya lilijulikana dunia nzima kwa heroe. Kuanzia miaka ya 2010 maji yalipanda sana, chumvi yake ikazimuka, mwani ambao heroe wadogo huula ukapungua, na makundi makubwa yakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Aliyekwenda Nakuru miaka hiyo na kitabu cha zamani mkononi alikuta ziwa limejaa pomoni, heroe hawapo.

Ndiyo maana nasisitiza upige simu. Ofisi ya hifadhi ina mtu anayepita kandokando ya maji kila siku; omba kuzungumza na huyo, askari au mwongoza wageni, kuliko mtu wa dawati la mapokezi. Muulize mambo matatu. Maji leo yamefika wapi, yanapanda au yanashuka? Geti linafunguliwa kabla ya jua kuchomoza au baada yake? Njia zipi zimefungwa, na vibanda vya kuangalilia ndege vipi viko wazi? Swali la kupanda au kushuka ndilo lenye thamani kuliko yote. Maji yanayoshuka huacha ukanda mpya wa tope kila siku, wenye wadudu na minyoo ambayo haijaguswa, na samaki hubanwa kwenye madimbwi yanayozidi kuwa madogo. Ukiambiwa "yameanza kushuka wiki hii", funga mzigo. Kama maji yanaongozwa kwa milango, uliza ratiba ya kuifungua. Wanaoendesha mahali hapo wanaijua mapema.

Kama kuna sehemu yako iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, una msaada mkubwa wa bure. Kila eneo la Ramsar lina karatasi ya maelezo iliyo wazi kwa umma, na humo huelezwa maji yanatoka wapi, yanabadilikaje kwa msimu, na ni ndege gani waliolifanya listahili. Moja ya vigezo ni eneo kuhifadhi kwa kawaida ndege wa majini 20,000 au zaidi. Halafu fungua eBird, hazina ya kumbukumbu za ndege inayoendeshwa na maabara ya ndege ya Cornell tangu 2002, utafute jina la kila sehemu uliyoitia alama. Humo mna jedwali linaloonyesha kila aina huonekana mara nyingi kiasi gani wiki kwa wiki. Msitari mnene ni ndege wa kutegemea. Msitari mwembamba uliokatikakatika ni wa kumwombea Mungu. Usivutwe na taarifa moja ya ndege adimu ya miaka minne iliyopita.

Kuhusu mwezi wa kwenda, yategemea unachokitamani. Ndege wanaozaliana kaskazini ya mbali huanza kushuka kusini mapema kuliko watu wanavyodhani. Wengi wa jamii ya kitwitwi huwa njiani tayari Julai na Agosti, wazima kwanza, watoto baadaye. Wanaobaki kwenye makazi yao ya majira ya baridi hukaa mpaka Machi au Aprili. Mimi ningechagua mwisho wa kipindi hicho, wiki chache kabla hawajaondoka, kwa sababu wanavaa manyoya ya kuzalia: yule aliyekuwa wa kijivu tupu miezi yote anakuwa na kifua chekundu au tumbo jeusi, na kumtambua inakuwa rahisi mno kwa anayejifunza. Miezi migumu kwa bata wa kaskazini ni ile baada ya kuzaliana. Madume hupoteza rangi zao na kufanana na majike, na kwa wiki kadhaa hawawezi kuruka kwa sababu manyoya makubwa ya mbawa yamepukutika yote pamoja. Utawaona, ila kuwatofautisha kutakutoa jasho. Na miezi hiyo wanahitaji kuachwa watulie.

Sasa tuje kwenye mlango wa mto, na hapa nitakaa kidogo, kwani naamini ndipo likizo yako itakapopona au kuharibika.

Ndege wa pwani hawaishi kwa saa ya ukutani. Maji yakipwa, wanatawanyika kwenye tope lote kula, usiku na mchana, na tope hilo linaweza kuwa na upana wa kilomita kadhaa. Maji yakijaa, tope linafunikwa na wote wanasukumwa juu, kwenye fungu la mchanga, ukingo wa chumvi au bwawa la karibu, wakapumzike mpaka maji yarudi. Anayefika maji yakiwa yamekupwa kabisa huona vumbi, kama ulivyoona wewe. Mimi mwenyewe niliwahi kuwapeleka watu kumi na wawili kwenye ghuba nzuri saa sita mchana, maji yamekupwa kabisa, hewa inatetemeka kwa joto. Ndege walikuwepo, maelfu, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kumtaja mmoja kwa jina. Nilikuwa na jedwali la maji kwenye begi na sikulifungua. Tangu siku hiyo, hilo ndilo karatasi ninalolifungua kwanza.

Kwa hiyo tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu. Fika saa mbili kabla ya kilele cha kujaa, kaa mahali pamoja, na uondoke saa moja baadaye. Utaona tope likipungua na ndege wakikusogelea bila wewe kusogea hata hatua. Kilele husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku: Jumatatu yakijaa saa moja asubuhi, Alhamisi yatajaa kama saa tatu na nusu. Angalia mwezi pia. Siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Robo ya mwezi ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Bamvua huwasukuma ndege karibu kabisa, lakini mahali pengine maji yakizidi hufunika hata fungu lao la kupumzikia, nao huruka kwenda usikokujua. Kwenye maji mafu tope huenda lisifunikwe lote, na ndege wakabaki mbali. Kila ghuba ina kimo chake kinachofaa. Askari wa hifadhi au mvuvi atakuambia bila kufikiri; wewe uliza tu, "Maji yakiwa na kimo gani ndege husimama pale kwenye fungu?"

Ukiweza, yaone pia maji yanapoanza kutoka. Ndege wamekaa saa kadhaa na njaa, na ule ukanda wa kwanza wa tope ukichomoza wanauteremkia pamoja. Ni dakika ishirini ambazo utazikumbuka miaka.

Kwenye kinamasi na mashamba ya mpunga hakuna kujaa na kupwa. Mwenye amri ni jua. Asubuhi simama upande wa mashariki wa maji ili jua liwe mgongoni mwako. Jioni hamia magharibi. Linaonekana jambo dogo, lakini ndege yuleyule ukimtazama jua likiwa mbele yako ni kivuli cheusi, na ukimtazama jua likiwa nyuma yako ana rangi ya mguu, ya mdomo, ya duara la jicho. Ipitie ramani usiku uliotangulia na uamue kabisa gari litasimama upande gani. Saa bora ni kutoka kupambazuka mpaka saa tatu, na kutoka saa kumi mpaka giza. Katikati ya mchana hewa juu ya maji hutetemeka, na hata darubini ya gharama kubwa itakuonyesha picha inayoyeyuka. Lala, kula, andika. Siku ya upepo, tafuta upande uliokingwa. Ndege wa matete hujishikilia chini na hutawaona kabisa mahali panapopigwa.

Sehemu saba kwa siku sita ni nyingi mno, mwanangu. Saa bora za siku ni kama tano tu, na kila safari ya gari baina ya sehemu mbili huzila. Ningechukua tatu: mlango wa mto, kinamasi cha matete, na mashamba ya mpunga. Mlango wa mto utakupa makundi makubwa. Kinamasi kitakupa wajificha. Mpunga nauchagua kwa sababu majaruba hujazwa na kukaushwa kwa zamu, kwa hiyo katika shamba moja kubwa unapata kina cha kila namna siku moja: jaruba lililotoka kulimwa na kufurikwa lina domomwiko na kwarara, la jirani linalokauka lina vitwitwi. Omba ruhusa kwa wakulima na utembee juu ya matuta tu. Mabwawa ya majitaka nayaheshimu sana; yana maji mwaka mzima na chakula tele, na waangalia ndege wa nchi nyingi huyategemea. Yaweke akiba, kwa ajili ya mwaka wa ukame au siku moja ya sehemu zile tatu ikiharibika, na uombe kibali mapema maana mara nyingi yana uzio. Kwenye ziwa la chumvi uende tu kama simu yako itathibitisha kwamba ndege wako huko wiki hiyo. Msitu wa mto ni safari nyingine, ya masikio zaidi kuliko macho.

Siku ya kwanza fika kinamasini alasiri, usitafute kitu; kaa kibandani mpaka giza uone ndege wanakotoka na wanakokwenda kulala. Korongo, kwarara na mnandi hurudi kwa njia ile ile kila jioni. Siku ya pili rudi pale pale kabla ya mapambazuko. Marudio haya ndiyo watu huyakata kwanza wanapobanwa na ratiba, nami ningekata chochote kingine kuliko hayo: mara ya pili unajua tete lipi lililotikisika jana, na ndege aliyekuponyoka jioni unamtambua kwa mwendo tu asubuhi. Siku ya tatu na ya nne zipe pwani, ukizipachika pale jedwali la maji linapoonyesha kilele kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Ikibidi, geuza mpangilio wote ili kilele kikae hapo. Siku ya tano mpunga. Siku ya sita iache wazi, ama kwa mabwawa, ama kurudi mahali palipokukataa.

Sasa ile orodha. Ndege 140 ni wengi kuwabeba kichwani. Chagua kumi na tano wenye misitari minene kwenye jedwali la wiki yako, uwajue kabla hujatoka nyumbani: umbo, ukubwa ukilinganisha na ndege unayemfahamu, mdomo, namna anavyotembea. Rangi iwe ya mwisho. Ukiwajua hao kumi na tano vizuri, wa kumi na sita atajitokeza mwenyewe kwa kuwa hafanani nao.

Darubini yako ya zamani usiitupe. Angalia namba zake. Kama ni 8x42, kwa kazi hii umepata: inakuza mara nane, na vioo vyake vya mbele vina kipenyo cha milimita 42. Gawa 42 kwa 8, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni, milimita 5 na kidogo, ambao unatosha alfajiri. Ya 10x hukuza zaidi, lakini hukuza na kutetemeka kwa mikono yako, na eneo unaloliona ni dogo zaidi. Kabla ya kununua nyingine, irekebishe hii ipasavyo, maana nimekutana na watu wengi waliotumia darubini miaka mitano ikiwa haijalingana na macho yao. Funika upande wa kulia, tazama maandishi ya mbali kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka yakae sawa. Kisha funika upande wa kushoto, na bila kugusa gurudumu hilo, zungusha pete iliyoko kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka maandishi yale yale yakae sawa. Weka alama hapo. Kuanzia siku hiyo ni gurudumu la katikati tu. Ukivaa miwani, kunja au teremsha vikombe vya mpira.

Darubini ndefu ya kusimama kwenye miguu mitatu ni ya msaada mkubwa pwani, ila usiinunue kwa safari moja. Azima au nenda na mwenye nayo. Nguo ziwe za rangi iliyofifia, kofia yenye ukingo, viatu vya kuingia maji, maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani.

Mwanao mchukue kwa moyo mkunjufu. Miaka tisa ni umri mzuri sana. Mpe darubini yake ndogo na nyepesi, na mpe kazi yake mwenyewe: awe mhesabuji wa aina moja, tuseme yangeyange, safari nzima. Mfundishe kuhesabu kumi kwa uangalifu, aone kumi inachukua nafasi gani, kisha ahamishe kipande hicho juu ya kundi lote: kumi, ishirini, thelathini. Hivyo ndivyo wanavyohesabu hata wanaoshiriki sensa ya kimataifa ya ndege wa majini, inayofanyika kila Januari tangu 1967. Usimkalishe kibandani zaidi ya saa moja na nusu mfululizo. Akichoka, mtoke, mkatazame vyura.

Kuna jambo moja nakuomba kwa dhati. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamii ya sululu, kinda wa miezi michache, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania bila kutua, kilomita 13,560, siku kumi na moja, akiwa na kifaa kidogo cha setilaiti mgongoni. Ndege wa aina yake huondoka wakiwa wamejilimbikizia mafuta mpaka yanakaribia nusu ya uzito wao. Mafuta hayo wanayatoa kwenye tope kama hilo utakalosimama kando yake, mnyoo mmoja baada ya mwingine. Kila wanaporushwa kwa kusogelewa mno, wanachoma walichokusanya na wanapoteza muda wa kula. Dalili zinaanza mapema: mmoja anaacha kula na kuinua kichwa, wenzake wanafuata, kundi linaanza kutembea kuelekea upande mmoja. Ukiona vichwa vimeinuka, simama. Wasipoendelea kula, rudi nyuma taratibu. Mahali ndege wengi wanapojenga viota pamoja kaa mbali zaidi. Mzazi akiondoka, yai lililobaki juani huharibika kwa muda mfupi, na shakwe anayesubiri hahitaji hata dakika moja. Na usicheze sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita.

Ukikuta ndege amekufa, usimguse wala mwanao asimguse. Homa ya mafua ya ndege imesambaa sana kwa ndege wa majini tangu 2021. Toa taarifa kwa hifadhi. Osha tope kwenye viatu kabla ya kuhamia sehemu nyingine. Pwani, usivuke mkondo maji yakiwa yamekupwa bila kujua saa ya kurudi kwake, na palipo na viboko au mamba usiteremke ukingoni bila mwongoza wageni.

Anza na jedwali la maji. Tafuta asubuhi mbili zinazofuatana ambazo kilele kiko kati ya saa moja na saa nne, karibu na bamvua lakini si siku ya bamvua yenyewe, na uombe likizo kuzizunguka hizo. Ukishampata mtu wa hifadhi kwenye simu, niandikie alivyokuambia kuhusu fungu ambalo ndege hulala maji yakijaa, na limekaa upande gani wa mto. Nikilijua hilo nitakuambia mahali pa kusimama.